WENGI WAPE, LAKINI WENGI KWA HESABU GANI?

Ndugu msomaji, nataka tuzungumze jambo linalotuvunjia jamaa zetu misikitini, nasi twalifumbia macho. Mwenyekiti wa kamati huamrisha mikono iinuliwe, akahesabu, kisha akafunga maneno kwa kauli moja: "Wengi wamekwisha sema!" Mwenye kuuliza huitwa mfitini. Mimi nasema kauli hiyo mara nyingi si kweli, na haifai kunyamaziwa.

Natufanye mfano. Kamati ina watu 15, na fedha zilizopo zatosha jambo moja tu: kuongeza vyumba vya madrasa, kuchimba kisima, au kununua gari la kuchukulia maiti. Watu 6 wataka madrasa kwanza, kisha gari, na kisima mwisho. Watu 5 wataka kisima, kisha gari, na madrasa mwisho. Watu 4 wataka gari, kisha kisima, na madrasa mwisho.

Mikono ikiinuliwa mara moja tu, madrasa yashinda kwa watu 6. Likiondolewa kwanza lenye watu wachache, kura ikapigwa tena, wale 4 wa gari wahamia kwenye kisima, na kisima chashinda 9 kwa 6. Yakishindanishwa mawili mawili, gari lashinda madrasa 9 kwa 6, na kisima lakishinda 10 kwa 5. Watu ni wale wale, nia zao ni zile zile, hakuna aliyehongwa, na majibu yametoka matatu! Basi hao "wengi" ni wepi? Tena angalia: kwa njia ya kwanza limepita lile ambalo watu 9 katika 15 waliliweka mwisho kabisa.

Usidhani haya ni mafumbo ya watoto. Nchini Kenya, mwaka 1988, wagombea wa KANU walichujwa kwa mlolongo: watu wasimame hadharani nyuma ya wanayemtaka, na aliyepata asilimia 70 apite bila kura ya siri. Je, mtu asimamaye mbele ya macho ya mwajiri wake na chifu wake ataonyesha lililo moyoni? Mwaka 1992 Rais Moi alishinda kwa kiasi cha kura 36 katika kila 100, na Matiba, Kibaki na Oginga Odinga wakagawana zaidi ya 60. Hatusemi kuwa wote hao wangalikubaliana juu ya mtu mmoja, twasema hawakuulizwa. Katiba ya 2010 ikaja kutaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, na akikosekana, wawili wa mbele warudi kwa wapiga kura.

Wako watakaosema: "Basi kura ni udanganyifu, tuwaachie wakubwa waamue." Hasha! Mwenyezi Mungu amewasifu Waumini waendeshao mambo yao kwa kushauriana. Ubaya si kura. Ubaya ni kuichagua njia baada ya kujua ni ipi itakayompa mtu alitakalo. Huko si kushauriana. Ni kuwanyang'anya watu rai zao kwa mikono yao wenyewe.

Mtazameni Sayyidna Umar (r.a.). Alipojeruhiwa, mwaka 23 wa Hijra, aliwateua watu sita washauriane, akawawekea muda wa siku tatu. Imepokewa kuwa aliwaambia mapema la kufanya wakigawanyika watatu kwa watatu: ufuatwe upande wa Abdurrahman bin Auf. Naye Abdurrahman akajitoa katika kugombea, ndipo akashika kazi ya kuwauliza watu. Kanuni ilitangulia, na msimamizi hakuwa na lake.

Basi mkutano ujao, ndugu yangu, kabla mikono haijainuliwa, simama uulize kwa adabu: Tutapiga kura mara ngapi? Kwa siri au hadharani? Ikikosekana nusu, tufanyeje? Nani atakayehesabu, naye ana lake? Njia isiyokuwa na dosari haipo, na kwa hivyo ndiyo yapasa ikubaliwe na kuandikwa mapema. Rai ya Muislamu ni amana. Mwenye kuipindua kwa hesabu ameikhini amana hiyo, hata kama hakuiba kura moja.