Kutu ya ngano: ilionekana karibu na Bunagana, dawa inatafutwa Njoro

Bei ya mukate ikipanda Goma ao Butembo, watu wanalaumu dola, barabara, ao vita ya Ukraine. Hawakosei: sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Kongo inatoka inje. Lakini kuna adui mwingine, na huyo hakutoka mbali.

Mwaka wa 1998, pale Kalengyere, wilaya ya Kabale, kusini-magharibi ya Uganda, watafiti walikuta ngano imeshikwa na kutu ya shina. Kutoka Kabale mpaka Bunagana ni safari ya saa chache. Kutu hiyo ni ugonjwa wa kuvu: shina linatoka vidonda vyekundu, vinapasuka, na punje inabaki nyembamba. Kilichoogopesha ni kwamba mbegu zilizougua zilikuwa na Sr31, kinga iliyotegemewa na nchi nyingi. Ugonjwa ukaitwa Ug99, maana yake Uganda, 1999.

Vumbi la kutu linasafiri na upepo, haliombi viza. Liliingia Kenya, Ethiopia, Sudani, Yemeni mpaka Irani. Upande mwingine Tanzania, Rwanda, mpaka Afrika Kusini. Mwaka wa 2005 Norman Borlaug, mtaalamu wa ngano mwenye tuzo ya Nobel, alipiga kelele dunia ikasikia.

Ndipo shamba la Njoro, Kenya, likawa mahali pa kupima ngano ya nchi nyingi, chini ya watafiti wa Kenya pamoja na kituo cha kimataifa cha CIMMYT. Kazi yao ni kinyume cha kawaida: mkulima anafukuza ugonjwa, wao wanauita. Kila aina inapandwa mistari mifupi, na pembeni yake wanapanda ngano dhaifu. Hiyo dhaifu wanaidunga sindano yenye maji ya vumbi la kutu, iugue vizuri, iambukize zingine. Kisha wanapita mstari kwa mstari, wanaandika asilimia ya shina iliyofunikwa na ukubwa wa vidonda. Maelfu ya aina yanapita pale kila msimu, na nyingi zinaanguka.

Hata ile iliyosimama, si ya kuaminiwa milele. Ethiopia ilikuwa na Digalu, ngano iliyoshinda Ug99, wakulima wakaipenda sana. Mwaka wa 2013 kutu ya ukoo mwingine kabisa ikaiangusha huko Bale. Ndiyo maana watafiti wanapendelea mbegu yenye kinga ndogondogo nyingi kuliko yenye kinga moja kubwa. Inaugua kidogo, lakini inazaa.

Na Lubero je? Kwenye milima yake ya baridi ngano inalimwa, na upepo wa Uganda unafika. Mbegu nzuri ya Njoro haiwezi kuletwa tu ndani ya mfuko na kugawiwa. Lazima ijaribiwe kwenye udongo ule, misimu kadhaa, halafu iongezwe mpaka itoshe wakulima. Kazi hiyo inaomba mtu arudie shamba lile lile mwaka hadi mwaka. Lakini toka M23 iingie Kanyabayonga, mwezi wa 6 mwaka wa 2024, familia nyingi za kusini mwa Lubero zimeacha mashamba. Kutu yenyewe haingojei. Inahitaji tu shina bichi na umande wa usiku.