Kabla winchi haijanyoosha mkono

Nimesimamia saiti za ujenzi Dar es Salaam kwa miaka 22. Nikipita Kariakoo au Magomeni nikaona winchi imeegeshwa kando ya jengo, sihangaiki na mkono wake ulivyopanda juu. Natazama miguu yake imekanyaga nini. Mara nyingi naona vipande viwili vya mbao za fomu, masalia ya zege la jana.

Nina sababu. Masika fulani tulikodi winchi ya lori itupandishie nondo ghorofa ya tatu. Kiwanjani palikuwa na nyumba ya Kiswahili iliyobomolewa. Udongo ulisawazishwa ukaonekana mgumu. Dereva akashusha miguu minne, tukaitegea mbao, kazi ikaanza. Mafungu mawili yalipanda salama. Katika la tatu, mkono ulipogeukia upande wa uani, mguu wa nyuma ulididimia ghafla. Nondo ziliyumba zikagonga ukuta, na kijana aliyekuwa akizipokea akaruka kutoka kwenye jukwaa, akavunjika mguu.

Jioni bibi wa nyumba ya jirani aliniita. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Mwanangu, hapo mlipoweka gari lenu palikuwa na choo. Mngeniuliza ningewaambia."

Viwanja vingi vya zamani vya jiji hili vina mashimo ya namna hiyo. Choo kilipojaa kilifukiwa, likachimbwa shimo jingine. Juu udongo hukauka ukawa kama sakafu. Chini ni uji, na mvua huulainisha zaidi.

Hesabu yake haihitaji chuo kikuu. Tuseme winchi na mzigo wake ni tani 30. Mkono ukielekea pembeni, miguu minne haigawani uzito sawasawa. Ule ulio upande wa mzigo unaweza kubeba zaidi ya nusu, tuseme tani 18. Kama kanyagio lake ni sentimita 40 kwa 40, ardhi inakandamizwa kwa zaidi ya tani 110 kwa kila mita ya mraba. Tandika chini yake mataruma yenye upana wa mita 1.5 kwa 1.5, na mkandamizo unashuka hadi tani 8. Mataruma yenyewe yawe manene, yapangwe tabaka mbili zinazokatana, yabanwe pamoja. Ubao mwembamba hupinda, uzito ukabaki palepale katikati.

Ghorofani nako hali ni hiyohiyo. Zege la siku 7 kwa kawaida limefikia kama theluthi mbili tu ya nguvu inayotarajiwa siku ya 28. Lakini mirunda inang'olewa mapema ikategemeze ghorofa inayofuata, kisha juu ya zege hilo changa tunaweka mashine na kurundika mchanga, ambao mita moja ya ujazo huzidi tani moja na nusu.

Kinachotuponza ni neno "muda". Nguzo za jengo zina mchoro na sahihi ya mhandisi. Kinachobeba mashine ni cha muda, kwa hiyo hakina mchoro, hakina fungu katika makadirio, na kazi yake anaachiwa kibarua aokoteze mbao. Makandarasi wenzangu husema gharama zitapanda. Lakini mataruma yakinunuliwa mara moja hutumika saiti baada ya saiti. Kuchimba mashimo ya majaribio pale miguu itakapokaa ni kazi ya asubuhi moja. Yule kijana aliyevunjika mguu leo anauza vocha Buguruni. Jukwaani hawezi kupanda tena.

Naomba mambo matatu. Makadirio ya kila jengo yawe na fungu la maegemeo ya mashine. Mhandisi asaini karatasi inayoonyesha mashine itakaa wapi na juu ya nini, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, waanze kuulizia karatasi hiyo. Na dereva wa winchi akikataa kunyanyua kwa sababu ya ardhi, asikatwe ujira wake wa siku.

Lakini lipo jambo lisilosubiri serikali wala mhandisi, nami sasa nalifanya kila ninapopewa kiwanja. Kabla ya lori kuingia getini, navuka njia, nabisha hodi kwa mzee wa jirani, namwamkia, kisha namuuliza zamani choo kilikuwa wapi.