Kona ya Mwalimu: Mti Nao Unasikia Kiu



Kiangazi kilichopita mwembe wa darasa letu uliangusha majani yote. Nikaukata, nikidhani umekufa. Kumbe ndani ulikuwa kijani! Watoto walininyamazia tu.

Jua la Juni hadi Agosti likikausha udongo wetu huku Isingiro, mti unaangusha majani ili usipoteze maji. Kwaruza gome kwa ukucha: ukiona kijani, bado uko hai. Mwagilia jioni, tandaza nyasi kavu chini, zisiguse shina.

Lakini tawi lililokauka kabisa liondoeni mapema. Mvua ya Septemba huja na upepo, na chini ya tawi hilo watoto wamelala.

Mwezi huu tunapanda mwembe mwingine. Karibuni.