Lessa wa Dragonflight: wasomaji wanamlaumu asiyestahili lawama

Zaidi ya nusu karne imepita tangu riwaya ya Dragonflight itoke, na wasomaji wake bado hawajapatana. Kitabu hicho cha Anne McCaffrey kilichapishwa Marekani mwaka 1968, lakini hadi leo kinapata wasomaji wapya, wengi wao vijana waliosoma kwanza Eragon, au waliotazama tamthilia ya Game of Thrones, au waliopitia Fourth Wing ya Rebecca Yarros iliyotoka mwaka 2023. Wanasikia kwamba kabla ya hao wote alikuwepo mwanamke mmoja aliyempanda joka na kuiokoa dunia yake. Wanakifungua kitabu kwa hamu kubwa. Wakishakifunga, wanagawanyika.

Wako wanaosema Lessa, mhusika mkuu, ndiye shujaa wa kwanza wa kike waliyempenda kwa moyo wote. Wako wanaosema hawamwezi: ana hasira, ana kinyongo, ana hila, hana shukrani. Na wako wanaosema tatizo si yeye bali ni namna anavyotendewa na mwanamume aliye naye, na kwa sababu hiyo kitabu kimepitwa na wakati. Kwa maoni yangu kundi la pili limekosea kabisa. La tatu lina haki kuliko wengi wanavyokubali. Na la kwanza, ambalo mimi nimo, limezoea kujitetea kwa hoja dhaifu.

Ndugu msomaji ambaye hujakisoma, habari yenyewe ni hii. Pern ni sayari ambayo binadamu walihamia zamani sana hata wakasahau walikotoka. Kuna nyota nyekundu ambayo ikikaribia, kutoka angani huanguka nyuzi zinazokula kila kilicho hai, mimea na viumbe. Kinga ni majoka wanaotafuna jiwe la aina fulani, wakatema moto na kuziunguza nyuzi hizo kabla hazijagusa ardhi. Kila joka anapoanguliwa humchagua binadamu mmoja, na tangu siku hiyo wawili hao husikilizana kwa mawazo mpaka kufa. Safari hii, hata hivyo, mapumziko yamekuwa marefu, miaka 400. Watu wamesahau hatari. Kati ya ngome sita za majoka imebaki moja tu, Benden, na mabwana wa ardhi wanaona hasara kuendelea kuilisha.

Neno letu la joka halitusaidii sana hapa. Linamletea Mswahili picha ya nyoka mkubwa, na aliyesoma Biblia linamletea yule adui wa kitabu cha Ufunuo. Majoka wa Pern wana mabawa, ni waaminifu kuliko wanaowapanda, na wala si wa uchawi: katika Dragonsdawn, iliyotoka mwaka 1988, mwandishi alieleza jinsi wahamiaji wa kwanza walivyowazalisha kwa utaalamu kutokana na mijusi wadogo wa sayari hiyo. Ndiyo maana McCaffrey hakupenda kitabu chake kiitwe njozi; kwake kilikuwa hadithi ya kisayansi. Wasomaji wengi hawakumsikiliza, na kwa hili siwalaumu, kwani penye majoka, ngome na watoto wa mabwana waliodhulumiwa urithi, mtu huona anachokiona. (Kuhusu majina ya akina F'lar na F'nor ambayo Waingereza na Wamarekani hulalamika kwamba hayatamkiki, sisi wenye ng'ombe na ng'ambo hatuna shida. Wanaume wa Benden hukata majina yao wanapopata joka. La Lessa halikatwi.)

Sasa Lessa mwenyewe. Alikuwa mtoto pale bwana mmoja mroho, Fax, alipoivamia Ruatha, ngome ya ukoo wake, akawaua wote. Yeye alijificha. Kwa miaka kumi akaishi ndani ya nyumba ya baba yake kama kijakazi wa jikoni, mchafu kiasi kwamba hakuna aliyemtazama mara mbili, na kwa siri akahakikisha kwamba ardhi ile haimletei Fax faida yoyote. Siku wapanda majoka walipopita wakitafuta msichana wa kupelekwa mbele ya yai la joka malkia, aliwatumia. Akayapanga mambo mpaka F'lar, mmoja wao, na Fax wakakabiliana kwa visu, na Fax akafa. Baadaye F'lar alimshawishi aondoke Ruatha aende Benden, na huko malkia Ramoth alipoanguliwa, akamchagua yeye.

Halafu msomaji anakuja kulalamika kwamba msichana huyu ana kinyongo. Alitakiwa awe na nini? Ameona nyumba yao ikichinjwa. Miaka kumi amekula makombo mezani pa wauaji. Edmond Dantès wa Alexandre Dumas alifungwa, akatoroka, akawamaliza adui zake mmoja mmoja kwa subira ya kutisha, na sijapata kusikia msomaji akisema angependeza zaidi kama angekuwa mpole kidogo. Tena hatuhitaji kwenda mbali hivyo. F'lar, katika kitabu hiki hiki, ana kiburi, ana siri, anawatumia watu bila kuwaeleza anachokusudia, na anaua mtu. Wasomaji wanamwita kiongozi mwenye maono. Lessa akifanya hayo hayo anaitwa mtata. Hata katika Kiswahili chetu mambo ni hayo: mwanamume mkali tunasema ana msimamo, mwanamke mkali tunasema ana mdomo.

Sisemi Lessa ni mtu mwema wakati wote. Anafurahia kudanganya. Anawadharau wanawake wenzake wa Benden, na mwandishi naye anamsaidia kuwadharau, kwani Jora, aliyemtangulia, amechorwa kuwa mvivu na mnene, na Kylara kuwa mwanamke wa tamaa tu. Hilo ni kasoro ya kitabu na wanaoitaja hawakosei. Lakini ukali wa Lessa una sababu na una kazi. Ukiuondoa, Ruatha inabaki mikononi mwa Fax, na hadithi imekwisha katika ukurasa wa hamsini.

Tukija kwa F'lar, hapo ndipo ninapoachana na wapenzi wenzangu wa kitabu hiki. Mara kadhaa anapokasirika au anapoogopa juu yake, F'lar anamshika Lessa mabega na kumtikisa. Anafanya hivyo kama mtu mwenye haki ya kufanya hivyo. Zito zaidi ni jambo la kupandana kwa majoka. Malkia anaporuka kutafuta dume, hisia zao huwafagia pia binadamu walioungana nao, wapende wasipende. Lessa anaingia katika hali hiyo bila ya kuandaliwa. Na baadaye kuna mahali ambapo F'lar mwenyewe, moyoni mwake, anakiri kwamba nje ya nyakati za majoka, lile analomfanyia Lessa lingeweza kuitwa ubakaji. Anawaza hivyo, kisha hadithi inaendelea na safari yake.

Utetezi unaosikika kila mara ni kwamba hizo zilikuwa enzi zake. Kuna ukweli ndani yake. Sehemu ya kwanza ya kitabu, Weyr Search, ilitoka Oktoba 1967 katika jarida la Analog chini ya mhariri John W. Campbell, jarida ambalo wasomaji wake walikuwa zaidi wanaume, na riwaya za mapenzi za wakati ule nazo zilijaa wanawake wanaoshurutishwa halafu wakapenda. Kwa hadithi hiyo McCaffrey akawa mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya Hugo kwa kazi ya kubuni, mwaka 1968, na kwa sehemu iliyofuata, Dragonrider, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushinda Nebula. Mtu aliyekuwa akifungua mlango ambao haujawahi kufunguliwa hawezi kulaumiwa kwa kila kilichobaki nyuma ya mlango huo.

Lakini kueleza si kuhalalisha. Kama F'lar, mtu wa kubuni wa mwaka 1968, analijua jina la kitendo chake, mimi msomaji wa leo nijifanye silijui kwa sababu gani? Wapenzi wa kitabu wanaokasirika jambo hili likitajwa wanakitetea kitabu dhidi ya maneno yaliyomo ndani yake. Ursula Le Guin alitoa A Wizard of Earthsea mwaka huo huo wa 1968, hadithi ya shule ya wachawi isiyopokea wanawake. Mwaka 1990 alirudi na Tehanu, akaihoji dunia yake mwenyewe kwa nini ilikuwa vile.  Na McCaffrey naye alibadilika. Katika Dragonsong ya mwaka 1976, Menolly ni binti mwenye kipaji cha muziki ambaye baba yake anamkataza kuimba kwa kuwa ni mwanamke, naye anatoroka na kwenda kuishi pangoni na mijusi wa moto. Humo hakuna mwanamume wa kumtikisa mabega na kuitwa mpenzi.

Nazungumzia haya kwa kuwa huku ughaibuni vitabu hivi viko katika maktaba za mitaa yetu na mabinti zetu wanavisoma. Mzazi anaona picha ya joka kwenye jalada na kudhani ni hadithi ya watoto. Mama mmoja aliniuliza kama Dragonflight inamfaa binti yake wa miaka 13. Nilimwambia aanze na Dragonsong, kile kingine kisubiri miaka miwili au mitatu, na binti atakapokisoma basi na yeye mama akisome, ili wapate la kuzungumza. Kupiga marufuku sikubaliani nako, maana kitabu kilichofichwa husomwa chini ya blanketi, na huko hakuna wa kuulizwa kama F'lar alifanya sawa.

Tena kuna wanaokihitaji kwa sababu ambazo wahakiki hawazitaji. Binti mmoja wa Kikongo, aliyekulia kambini kabla ya familia yake kuletwa Marekani, aliniambia kwamba majoka hayakumshughulisha sana. Kilichomshika ni zile kurasa za mwanzo, za msichana ambaye anajua nyumba yao ilikuwa wapi na baba yake alikuwa nani, na kila siku anafagia na kunyamaza. Yeye ukali wa Lessa haukumsumbua hata kidogo. F'lar ndiye aliyemsumbua. "Angekuwa shemeji yangu," akasema, "ningemwambia dada arudi nyumbani." Katika maoni yote niliyoyasoma juu ya kitabu hiki, sijaona hukumu iliyonyooka kuliko hiyo.

Na arudi wapi, kama si Ruatha? Kitabu chenyewe kinampeleka huko, na kwangu hiyo ndiyo sehemu yake bora. Lessa anapojifunza kuruka na Ramoth, anagundua kwa bahati kwamba joka anaweza kuvuka wakati kama anavyovuka mahali. Anajikuta juu ya Ruatha alfajiri ile ile ya mauaji. Ndipo anapofahamu kwamba hofu iliyomwamsha utotoni, ikamfanya ajifiche na kupona, ilitokana na yeye mwenyewe, mtu mzima, akipita juu angani. Hakuna mwanamume aliyemwokoa Lessa. Baadaye nyuzi zinaanza kuanguka na Benden peke yake haitoshi. Lessa anaunganisha wimbo wa zamani na ngome tano zilizokutwa tupu miaka 400 nyuma, akaitazama picha ya Ruatha ya kale iliyofumwa kwenye pazia la ukutani, na bila kuomba ruhusa ya mtu akaruka na Ramoth mpaka huko. Nusura afe. Alirudi na ngome zote tano.

Wapo wasomaji wanaolihesabu hili nalo kuwa kosa lake: hakuaga, hakushauriana, alimhatarisha malkia pekee mkubwa waliyekuwa naye. Yote ni kweli. F'lar angeambiwa, angemzuia, na Pern ingebaki na ngome moja.

Lalamiko ambalo ningependa kulisikia mara nyingi zaidi ni jingine. Baada ya tendo hilo McCaffrey hakujua amfanyie nini mwanamke huyu. Katika Dragonquest ya mwaka 1971 uzito wa hadithi unahamia kwa F'lar na ndugu yake F'nor, na Lessa anakuwa mke wa mkuu, mwenye maneno makali mezani na wageni wa kupokea. Katika The White Dragon ya mwaka 1978 yai la malkia linaibwa Benden, naye yuko tayari kuwatuma majoka wapigane na majoka wenzao, jambo ambalo halijapata kutokea, na sisi wasomaji tunatakiwa tupumue pale yai linaporudishwa na yeye anapotulizwa. Msichana aliyengoja miaka kumi jikoni bila kukosea hata hatua moja, sasa anahitaji watu wa kumtuliza. Mwandishi huyo alifariki Novemba 2011 nyumbani kwake Wicklow, Ireland, akiwa ameandika juu ya Pern kwa zaidi ya miaka arobaini, na hakumrudisha tena Lessa pale mbele alipokuwa mwaka 1968.