Betri ikae ilipo, bwana!

Kimya kilikuwa cha mitihani, si kingine. Tumetoka salama, matokeo tumemwachia Mungu.

Leo nina hoja moja ambayo imetugombanisha hapa hosteli tangu Jumatano. Mtoto wa mjomba wangu yuko Mbinga, ana Toyota IST anayobebea abiria kati ya Mbinga na Mbamba Bay. Msimu wa kahawa umemwendea vizuri, kapata vihela, na sasa anataka kufunga lile bomba la hewa la kimichezo. Unang'oa boksi la filta la kiwandani, unaweka bomba la kung'aa lenye filta ya koni mwishoni, gari linavuta hewa kwa mlio. Tatizo ni nafasi. Bomba lake linataka kupita pale pale betri ilipokaa, kwa hiyo kashauriwa betri ihamie kwenye buti. Akanitumia meseji: "Dada, wewe unasoma mambo ya mashine huko Mlimani, unasemaje?"

Wenzangu walisema afunge tu, ujana maji ya moto. Mimi nasema hapana, na sababu zangu ni hizi hapa.

Kwanza tuongelee hewa yenyewe, maana ndiyo anayotaka kuinunua. Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inameza hewa hadi lita 4,500 hivi kwa dakika. Ni nyingi kweli, lakini boksi la kiwandani lilitengenezwa kwa kujua hilo. Tena mdomo wake unachukua hewa ya nje, iliyo baridi. Filta ya koni ikiachwa wazi chini ya boneti inavuta hewa iliyokwisha kupikwa na injini. Hewa ikipata moto inapungua uzito, karibu asilimia 3 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Sasa piga picha gari limejaa watu, linapanda kutoka ziwani kwa gia ya pili, nje nyuzi 30 na chini ya boneti 60. Hapo umepoteza kama asilimia 9 ya hewa yako, na hela umetoa. Mlio utausikia sana, nguvu utaitafuta.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa kwetu tunalo bure na hatulijui. Mbinga mjini iko kwenye mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa liko kama mita 475. Ukishuka tu kutoka Umatengo mpaka Mbamba Bay, hewa inakuwa nzito zaidi kwa kiasi cha asilimia 8. Kwa kagari kenye nguvu za farasi mia na kidogo, hizo ni farasi 7 au 8 za bure (joto la ziwani linakula sehemu yake, sawa, lakini bado unabaki na faida). Ndiyo maana kila dereva anayeshuka anasema "leo gari limechangamka" na akipanda analilaumu fundi. Sio fundi jamani, ni mlima.

Tuje kwenye betri, maana hapa ndipo ninapokosa usingizi.

IST haina buti ya kujitenga kama saluni. Ile sehemu ya mizigo ni chumba kimoja na abiria. Betri ya asidi inapochajiwa inatoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 tu kwenye hewa, cheche moja inatosha. Chini ya boneti upepo unaipeperusha. Nyuma, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi au mvua, itaenda wapi? Na mjue mizigo ya njia ile ilivyo. Kupanda ni magunia ya dagaa na mabeseni ya samaki. Kushuka ni majembe, misumari, bati, na mara nyingine dumu la petroli la mwenye mtumbwi wa injini. Jembe likilalia nguzo mbili za betri, hiyo ni shoti ya mamia ya ampea. Weka na lile dumu pembeni yake, halafu siti ya nyuma yuko mama na mtoto mgongoni. Mnaona ninachokiona?

Kuna waya pia. Betri ikiwa mbele, waya wa kwenda stata ni mfupi. Ukiipeleka nyuma unahitaji mita 4 au 5 zinazopita chini ya mazulia na kutoboa bati. Stata inaweza kuvuta ampea 150. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 35, mita 5, unapoteza karibu volti 0.4. Ukibana matumizi ukaweka wa 16, unapoteza karibu 0.8, na hapo hujahesabu njia ya kurudi kupitia bodi. Wenye asili ya Mbinga mnajua baridi ya Juni na Julai. Asubuhi hiyo betri yenyewe imenyong'onyea, oili nzito, halafu umeinyang'anya karibu volti nzima. Utasukumwa na wanafunzi wa sekondari mpaka wakuzoee. Na madukani siku hizi kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Ukiukwangua kwa kisu ndani ni mweupe, na haupitishi umeme kama shaba halisi.

Mwenzangu mmoja akanitega: "Mbona BMW wanaweka betri kwenye buti toka kiwandani? Na Mazda MX-5 ya kwanza je?" Ni kweli kabisa, hata Prius betri yake ndogo iko nyuma. Lakini wale wameweka mrija wa kutolea gesi nje ya gari, kitako cha chuma kinachoishika betri isitikisike, mfuniko juu ya nguzo, na waya wa unene unaostahili. Fundi anayekuambia "nipe siku moja, nitaifunga na mpira wa tairi" hajakupa walichofanya wale. Kakupa nusu yake, na nusu iliyobaki ndiyo inayookoa watu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa binamu, na kwa yeyote mwenye wazo hilo, ni huu. Abakize boksi lake. Abadilishe filta ya karatasi mara kwa mara zaidi ya kitabu kinavyosema, maana siku akikodiwa kwenda vijijini lile vumbi si mchezo. Akague mipira ya hewa kama ina nyufa. Kama bomba limemkaa moyoni kabisa, atafute linalopita bila kugusa betri, au aweke betri ya umbo dogo pale pale mbele, mradi iweze kuzungusha stata asubuhi ya baridi. Na kama ni lazima ihame, basi iwe betri iliyozibwa yenye mrija wa kutoka nje, ndani ya boksi lililofungwa kwa boliti kwenye bati. Waya uwe wa shaba, wa 35 au zaidi, na kila tundu la bati liwekewe mpira usikwaruze waya. Fyuzi kubwa inayolingana na waya ikae ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Bila fyuzi hiyo, siku waya ukichubuka gari linawaka na hakuna wa kulizima. Akipiga hesabu ya vyote hivyo ataona kuwa seti nzuri ya matairi ni rahisi zaidi, na ndiyo itakayomsaidia kwenye zile kona za kushukia ziwani.

Mtu akiwa na gari lake la kutembelea, peke yake, akataka mlio, mimi nani nimzuie? Kila mtu na starehe yake. Lakini gari la abiria, nafasi ya nyuma si ya dereva. Imeshalipiwa nauli na watu ambao hawajaulizwa kama wanataka kusafiri na betri mgongoni.

Nishamjibu. Kasema atafikiria, na mimi nimemwambia afikirie kwa mwendo wa pole.

Nawakilisha.