Pudini ya Yorkshire, eafraya na hawa walinzi wa mila

Waingereza wana ugomvi wa jikoni ambao ukiutazama kwa mbali unachekesha. Je, pudini ya Yorkshire iliyopikwa kwenye eafraya (lile jiko dogo la umeme linalozungusha hewa ya moto kwa feni) ni pudini kweli au ni uhuni? Mimi nasema ni pudini halali. Na ugomvi wenyewe unatuhusu kuliko tunavyodhani.

Kwanza usidanganywe na jina. Pudini hii haina sukari. Ni unga wa ngano, mayai, maziwa na chumvi, yaani rojo linalokaribiana sana na la chapati za maji. Tofauti ni kwamba linamiminwa kwenye vibati vyenye mafuta yaliyochemka kwelikweli. Maji ya kwenye rojo yanageuka mvuke, mvuke unalisukuma juu, mayai na unga vinashika, unapata kitu kama kibakuli: kikavu nje, kitupu katikati. Humo unamwagwa mchuzi mzito wa nyama ya kuoka. Ndicho chakula cha Jumapili mchana.

Wapinzani wanasema bila oveni umeua mila. Mila ipi, jamani? Hannah Glasse, aliyeandika kuhusu pudini hii kwenye kitabu chake cha mapishi mwaka 1747, hakutaja oveni. Anaelekeza uweke rojo kwenye sufuria yenye mafuta ya moto, kisha uisogeze chini ya nyama inayobanikwa ili mafuta ya nyama yaidondokee. Moto ule ule, mafuta yale yale, hakuna kinachopotea. Tena ilizoeleka kuliwa kabla ya nyama, tumbo lianze kujaa, nyama kidogo itoshe watu wengi.

Kwa hiyo kama kuna mila hapo, ni mila ya kubana matumizi. Oveni nayo ilikuja baadaye, ikazoeleka.

Sasa tazama yaliyowakuta mwaka 2022. Bei ya gesi na umeme Uingereza ilipaa, hasa baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Mtu anayeishi peke yake akajiuliza kwa nini awashe oveni nzima kwa ajili ya pudini mbili. Eafraya zikaingia majumbani kwa kasi, na mwaka 2024 ofisi ya takwimu ya nchi hiyo ikaiingiza kwenye kapu la bidhaa zinazotumika kupima mfumuko wa bei.

Sisemi kifaa hiki hakina kasoro. Moto wake unatoka juu, kwa hiyo pudini inaweza kuiva kichwani huku chini ikiwa laini. Ndiyo maana vibati viwe vya chuma, vitangulizwe na mafuta kwenye nyuzi 200 kwa dakika kama tano, halafu rojo likishaingia usifungue kuchungulia. Nafasi yenyewe ni ya pudini nne hivi. Ukiwa na wageni kumi, washa oveni yako kwa amani.

Lakini hizo ni hoja za kazi, si za mila. Nachokataa ni mtu kumwambia mwenzake kwamba chakula chake ni bandia kwa sababu ya chombo alichopikia.

Na sisi tuna walinzi wetu. Wali bila mkaa juu ya mfuniko si wali. Maharage ya gesi hayana ladha. Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Bei ya mtungi wa gesi ni kikwazo cha kweli na lazima tuiandike. Ila kuna hili jingine tunaloogopa kulisema: anayesifia ladha ya mkaa mara nyingi kakaa sebuleni anasubiri kupakuliwa, na anayevuta moshi ni mama, dada au msichana wa kazi. Huyo hajaulizwa kuhusu mila.

Siku akiulizwa, nadhani atajibu kama Glasse: tumia moto ulio nao, usipoteze kitu, watu washibe.

Haya wadau, mwenye hoja ya kuutetea mkaa aje nayo tubishane. Ila kwanza atuambie nyumbani kwake nani anapuliza jiko.