Spana Kumi na Tatu

Kijana aliyemaliza Coast Institute of Technology hapa Voi akiingia kwenye gereji ya matrekta, mtihani wake wa kwanza hauna karatasi. Anaambiwa alete spana afungue nati fulani. Analeta kumi na tatu, inaingia vizuri, anakaza mkono, na kwa kuwa nati imeshika kutu, spana inateleza na kulamba pembe zake. Gereji nzima inaangua kicheko. Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kutengenezwa mwaka 1964, limefungwa kwa nati za inchi, na nusu inchi ni milimita 12.7. Kwa sababu ya nukta tatu hizo kijana anapata jina, na huenda akazeeka nalo: Kumi na Tatu.

Mimi hucheka pamoja nao. Lakini ni lazima tuulize kicheko hiki kinamlinda nani.

Utani kwetu Afrika Mashariki una masharti. Mzaramo humtania Mnyamwezi, na Mnyamwezi humrudishia. Anayekutukana leo ndiye anayekuja kuhangaika msibani kwako kesho. Ni deni la pande mbili. Utani wa gereji mara nyingi unakwenda upande mmoja: mwanagenzi akijaribu kumrudishia mzee, anaambiwa hana adabu. Kipimo changu ni kile kinachofuata kicheko. Kuna fundi anayecheka, kisha akafungua sanduku, akatoa spana ya nusu na kumwekea kijana mkononi. Huyo ni mtani. Mwingine anacheka, anasubiri kijana aende kununua chai, ndipo anatoa hewa kwenye pampu ya dizeli peke yake. Huyo amefunga mlango.

Hasara ya mlango huo haiishii gerejini. Zaidi ya nusu ya kaunti hii ni mbuga ya Tsavo, na sehemu ya ardhi tambarare iliyobaki iko chini ya mkonge, kama pale Mwatate. Mkulima mdogo wa Taveta au wa kandokando ya Voi anategemea trekta la kukodi, tena kuukuu, kwa kuwa halina kompyuta na injini yake ya Perkins ya silinda tatu hutengenezeka chini ya mwarobaini. Likizima mvua za vuli zikinukia, na anayelijua ni mmoja tu, shamba linasubiri afya yake.

Mwenye shamba akiwa mwanamke, mzaha hugeuka pazia. Anasikia "mgonjwa" anahitaji "dawa", watu wanakonyezana, na mwishoni anapewa hesabu bila kuonyeshwa kifaa kilichotolewa wala kilichowekwa. Hapo sioni utani wowote; naona bili isiyo na maelezo.

Hata hivyo, nawaelewa wazee hawa. Wengi hawakupata cheti chochote. Kijana wa juzi ana karatasi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, na anaweza kuajiriwa nayo. Wao wana masikio yanayojua vali iliyolegea kwa mlio. Dhihaka ndiyo cheti chao. Ukitaka waiache, wape kitu cha kushika badala yake. Mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa kaunti kwa mujibu wa katiba ya 2010. Basi mzee apimwe kwa kazi yake, apewe cheti, kisha chuo kimlipe kwa siku atakazofundisha, trekta likiwa limefunguliwa mbele ya wanafunzi na spana za inchi zimepangwa mezani kila mtu azione.

Wapo watakaosema darasa litaua mizaha. Sidhani. Watu hawa hutaniana wakiwa wamelala chini ya trekta lililoinuliwa kwa jeki mbovu. Ubao na chaki havitawatisha.